Ripoti ya Mitaro ya Bukoto

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, mvua iliyoingia nyumba za watu wa mtaa wa Bukoto hadi vitandani, kwa sababu yangu. Nakusimulia kwa kuwa nimesikia umepata kazi kwenye halmashauri.

Nilikuwa karani wa usafi hapa Kampala, binti mwenye mwandiko mzuri. Wanajeshi ndio walioshika nchi, na ofisi yetu ilikuwa chini ya kapteni mmoja. Sote tulimwita Afande. Alitaka kila Ijumaa ripoti ya kazi iliyofanyika kulingana na mpango wa mji. Msimamizi wa vibarua, Mzee Ochen, aliniambia mitaro ya Bukoto imezibuliwa nusu tu, nikaione mwenyewe. Sikwenda. Nilitaka sifa, nikaandika imekwisha yote. Afande akasoma, akaliondoa Bukoto lori letu pekee la kuzoa tope, akalipeleka kusafisha barabara watakayopita wageni wa serikali.

Mvua ikanyesha. Asubuhi Afande akatuita, bastola mezani kando ya ripoti yangu.

“Karatasi inasema mtaro safi,” alisema. “Sasa nani aliuziba?”

Kwake ile ilikuwa hujuma. Akamtazama Mzee Ochen, mtu wa kaskazini, na miaka ile jina la kwao tu lilitosha kumponza mtu. Mzee aligeuka akanitazama mara moja. Nikainamisha macho sakafuni.

“Afande, mitaro ni kazi yangu,” Mzee akasema.

Wakamchukua. Waliochukuliwa hivyo, wengi hawakurudi.

Mke wa Mzee alikuja kila siku akakaa kwenye benchi nje ya ofisi yetu, akimsubiri mumewe. Siku ya tano nilishindwa kumpita. Nikaingia kwa Afande, nikamwambia ripoti ilikuwa ya uongo, na aliyeiandika ni mimi. Akasema nirudi kazini.

Baada ya siku nne Mzee Ochen alirudi, akichechemea. Sijui hadi leo kama ni neno langu lililomtoa. Nilipiga magoti kumwomba radhi, nikasema niliogopa.

“Mbele ya bastola kila mtu huogopa, binti yangu, hilo sikulaumu,” alisema. “Lakini Ijumaa ile ulipoandika, nani alikuwa amekushikia bunduki?”

Akaniinua, akaniambia nivae viatu vya mvua twende Bukoto. Tulitembea mtaro kwa mtaro, yeye na mguu wake ule, nami nikiandika nilichokiona kwa macho yangu.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mpango wa mji, ripoti ni kama macho ya dereva. Ukimdanganya kuhusu njia, mtatumbukia wote. Nenda ukaone kabla hujaandika. Kazi ikiwa nusu, andika nusu, useme na kilichopungua, ili lori liende linakohitajika. Na ukweli useme mapema, ungali mwepesi, maana ukichelewa utamkuta mwenzako ameshaubeba.

Mungu akupe miguu isiyochoka kwenda kutazama, na mkono usioandika usichokiona. Na wanaokutegemea walale pakavu.