Fukusi Kizimbani Ntobeye

Dada yangu Adela alinipigia simu Alhamisi akisema anarudishwa nyumbani kwa kosa la fukusi. Mwaka jana aliolewa Ntobeye, akaenda na gunia la mahindi lenye wadudu. Sasa migomba ya wakwe inaanguka, na baba mkwe anasema fukusi wale walinenepa guniani, wakahamia shambani. Mimi nafundisha baiolojia Biharamulo. Niliona aibu, nikafunga safari.

Ijumaa asubuhi, Lusahunga, nilisubiri gari la Ngara nikiwa na kopo langu la fukusi wa mahindi. Mama anayewachomea mahindi madereva wa malori alisogeza jiko lake.

"Hao unawapeleka wapi?"

"Kwenye kesi."

"Mashahidi?"

"Washtakiwa."

Saa nane nilifika Ngara mjini. Kijana wa bodaboda aliuliza kama kifuniko kimekaza, akauliza tena kila mteremko hadi Ntobeye.

Alasiri hiyo ukoo mzima ulikuwa uani. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwalimu. Umewaleta?" Mzee Gervas, baba mkwe, naye alikuwa na wake, aliowanasa shambani chini ya kipande cha shina la mgomba. Kweli, wote weusi, wote wana mdomo mrefu, ila wake wakubwa zaidi.

"Huyu mtoto, huyu baba," alisema, akionyesha wangu, kisha wake.

Nikaeleza kwamba fukusi akishaota mbawa hakui tena, na kila aina ina mmea wake.

"Waseme wenyewe," akajibu.

Tukawaweka kwenye ungo, mahindi huku, shina la mgomba kule. Wangu wakaenda kwenye mahindi. Wake wakalala chali, miguu juu. Mdogo wake mzee akavua kofia kwa heshima ya marehemu. Nikasema wanajifanya tu, ndivyo walivyo wakiguswa. Tukakaa, watu wazima, tukisubiri wadudu waache unafiki. Hatimaye mmoja akajigeuza, akajikokota hadi kwenye shina, wenzake wakamfuata.

"Hawa husafiri ndani ya miche. Miche ya migomba mlitoa wapi?" nikauliza.

"Kwa mdogo wangu huyu," mzee akasema. Mdogo wake akavaa kofia.

Mzee Gervas ni mtu wa haki. Aliinamia ungo, akawaambia fukusi wa mahindi, "Niliwasingizia. Mnisamehe." Watu wakapiga makofi, nami nikapiga. Akatangaza kwamba Adela abaki.

Adela alikuwa mlangoni na begi lake. "Baba, wadudu umewaomba radhi. Na mimi?"

Mzee akatazama ungo.

Jumamosi tulirudi Biharamulo pamoja. Nilikwenda na hoja zote za fukusi, nikashinda. Ya dada yangu hakuna aliyeibeba, hata mimi.