Mke wangu aliacha mashini yake kwa ajili ya valise yangu

Admin, ficha jina langu na la redio ninayofanyia kazi. Nina miaka arobaini na tisa, mke na watoto wawili, na tunapanga chumba kimoja hapa Bunia. Mimi ni mwandishi wa habari. Tangu vita vilipotutoa mji wetu wa Kpandroma, kazi yangu kubwa ni kwenda katika kambi za deplase na kurekodi watu waliokimbia vijiji vyao. Swali langu la kwanza halibadiliki: ulikimbia na nini? Watu hujibu sufuria, godoro, mtoto wa jirani. Hakuna aliyewahi kunirudishia swali hilo. Ningemdanganya, kama ninavyodanganya nyumbani.

Ninakusanya vigari vya chuma. Si vya kuchezea watoto: ni mifano midogo ya magari ya kweli, milango inafunguka, usukani unageuka. Nilianza kununua kwa wafanyabiashara walioleta bidhaa za Kampala siku ya soko, na wakati huo kimoja kilikuwa bei ya kuku. Halafu viwanda vikaacha kutengeneza aina fulani, watu wa Goma na Kampala wakaanza kuvitafuta kwa simu, barabara zikafungwa kwa sababu ya vita, na kile cha bei ya kuku kikawa bei ya mbuzi. Kikiwa bado katika katoni yake isiyofunguliwa, mbuzi wawili. Sikuacha kununua. Nyumbani nilikuwa nataja bei ya zamani.

Mke wangu nitamwita Mama Furaha. Ni fundi wa kushona, na mashini yake ndiyo iliyolipa shule ya watoto miezi ambayo redio haikunilipa. Asubuhi tuliyokimbia, risasi zilisikika upande wa chini wa mji. Alikuwa amekwisha kufungua kichwa cha mashini kutoka mezani na kukifunga katika kitenge. Mimi nilitoka na valise, sanduku langu la nguo. Mwenye moto, pikipiki tuliyoikodi, alitutazama.

“Mama na batoto babili, na muzigo moja. Moto si kamyo.”

Mama Furaha akaniuliza, “Iko nini mu iyo valise?”

“Papiye za batoto,” nikasema. “Zote.”

Hakufikiri hata kidogo. “Basi funga iyo. Mashini tutapata ingine.”

Ndani ya valise kulikuwa na vigari thelathini na viwili, na nguo zangu za kuvizuia visigongane. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilikuwa juu ya kabati, katika mkebe wa biskuti. Mimi nilibaki nitembee kwa miguu. Ningeweza kuibeba mashini kichwani. Siku hiyo njiani niliona wanawake wenye mizigo mizito kuliko hiyo. Niliirudisha ndani, nikaisukuma chini ya kitanda, nikajiambia tutarudi baada ya siku mbili. Nikatoka, nikapita mbele ya kabati lile. Juma lililofuata jirani alinipigia simu: nyumba imeungua yote.

Jioni ile Mama Furaha alinishika mkono, akasema, “Pole kwa bigari byako. Najua ulibipenda.”



Valise niliipeleka kazini, nikaifungia katika kabati la kaseti za zamani. Nilimwambia chumba chetu kina unyevu, papiye zitaoza. Yeye sasa anashona kwa mashini ya fundi mwingine, saa za mchana tu, mwenyewe anapopumzika. Vifungo na pindo anashona kwa mkono nyumbani. Na kanisani alisimama akatoa ushuhuda: “Bengine balibeba magodoro. Bwana yangu alibeba kesho ya batoto.” Watu wakapiga makofi. Jirani yetu mmoja tangu siku hiyo ananiita Baba Arshive, mtunza hati. “Baba Arshive, ofisi ya commune ikiungua tutakuja kwako,” ananiambia, na mke wangu anacheka kwa fahari.

Sasa binti yetu mkubwa yuko mwaka wa sita wa sekondari, atafanya examen d'État, mtihani wa taifa. Shule inataka cheti cha kuzaliwa. Kisipokuwepo, tribunal, yaani mahakama, inaweza kutoa karatasi ya kutumika badala yake, lakini lazima mzazi aende kuomba, na inachukua siku nyingi. Orodha ya wanafunzi inafungwa mwisho wa mwezi. Kila siku ninayonyamaza naikata katika siku za mtoto wangu. Jana Mama Furaha aliniambia, “Jumanne uniletee iyo valise. Nitatoa papiye miye mwenyewe, weye uko na kazi mingi.”

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme. Mtu wa Kampala ametaka kununua vigari vyangu vitatu, jeep ya kijani na malori mawili mekundu. Bei aliyotaja inatosha mashini mpya, ya kukanyaga kwa miguu, na meza yake. Nilimjibu angoje. Najua mwezi ujao bei itakuwa juu zaidi. Niliandika jibu hilo mchana, nikiwa nimetoka kambini, ambako mama mmoja alikuwa ameniambia alikimbia na ufunguo wa nyumba tu.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, sitaki kuonewa huruma. Niuze kwanza, niingie nyumbani na mashini, ndipo niseme? Au Jumanne niiweke valise mbele yake jinsi ilivyo, aifungue kwa mkono wake, avione? Wanawake, nyinyi hasa nijibuni: kati ya hayo mawili, mwanamke anaweza kusamehe lipi? Jibuni kabla ya Jumanne. Yule wa Kampala amepiga tena asubuhi hii, ameongeza bei, na mimi nimemwambia angoje.