Mpini wa Pembe ya Tandala

Kila binti yangu akinyoosha nywele kwa pasi, ile harufu ya kuungua hunirudisha uani kwetu Al Khoudh, siku Babu alipoikata kwa msumeno pembe ya tandala aliyotoka nayo Tabora. Miaka yote ilitundikwa sebuleni, na ole wako uiguse. Lakini kisu cha Bibi kilivunjika mpini, Babu akaishusha mwenyewe.

Bibi alikuwa akikatia kwa mkono wa kushoto. Mawifi zake wakija humwambia, "Wifi, mkono wa kulia!" Naye huhamisha kisu, vitunguu vikatoka mapande.

Babu alimpa donge la unga uliokandwa. "Liminye, nichukue kipimo."

Bibi akaliminya kwa mkono wa kulia.

"Siyo huo. Nnataka unaokatia."

Bibi akacheka, akajifunika uso kwa kanga. Babu akapiga tupa mpaka alasiri, akifuata alama za vidole vya Bibi kwenye lile donge, vumbi la pembe, linalonuka kama nywele zilizoungua, limemjaa ndevuni.

Ijumaa ile mawifi walikuja kusaidia kupika. Mmoja akakishika kile kisu, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mbona mpini umekwenda kombo?"

"Kwako," Bibi akamjibu, akakipokea kwa mkono wa kushoto.