Mtoto Aliyesema Haumwi

Kuna siku moja ya wodi ya watoto imenikaa kichwani miaka yote hii, mwanangu, na juzi pale mtaani Chuno ukaniamshia yote upya. Nimesimama zangu nanunua vitumbua, sina hili wala lile, nikasikia unamwambia mwanao: "Nyamaza! Unamwona yule bibi? Ni nesi yule, atakuja kukuchoma sindano sasa hivi." Na kidole umeninyooshea mimi! Nimestaafu, mkononi nina kitumbua, kwenye mkoba nina miwani na leso, sindano ningeitoa wapi? Mtoto akanitazama kama ameona jini, akanyamaza. Wewe ukacheka, ukaniamkia, "Shikamoo, bibi." Marahaba niliitikia, lakini moyoni nilichemka. Leo umekuja mwenyewe, umekaa, chai umepewa, basi nisikilize mpaka mwisho na simu yako weka chini.

Nilikuwa nesi kijana wakati huo, hata sare yangu ilikuwa haijapauka. Ulikuwa msimu wa korosho, na msimu wa korosho unaujua: watu wote wako shambani wanaokota, mgonjwa haletwi hospitali mpaka ashindwe kabisa kusimama. Asubuhi moja akaja mama mmoja kutoka vijiji vya nyuma ya Mikindani, yeye na kaka yake, wamempakata mtoto wa kiume wa miaka kama saba. Fakihi jina lake. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkorosho, akawa anachechemea. Baadaye homa ikaingia, halafu akaacha kabisa kukanyaga mguu wa kulia.

Daktari akamuuliza, "Unaumwa wapi, kijana?"

"Siumwi," akasema Fakihi.

Daktari akamgusa goti, akamgusa paja, akauliza tena. Siumwi. Mjomba mtu akajivuna: "Huyu katoka jandoni mwaka huu, daktari. Halii ovyo huyu." Mama naye akaongeza kwamba mtoto wala hasumbui, kutwa yuko kimya, labda anadeka tu hataki kutembea. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Daktari akasema basi, atakuwa ameteguka na homa imempitia, apewe dawa ya maji arudi nyumbani, asipopata nafuu wamlete tena.

Sasa wodi yetu ilikuwa na mkuu wake, Sista Benadeta, mama mnene mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa anapita kwenda stoo, akasimama. Hakumuuliza mtoto kitu, akamtazama tu. Na kumtazama mtoto ni kazi, mwanangu, siyo huko kumtupia jicho mnakofanya ninyi huku mnachezea simu. Feni inazunguka, lakini mtoto ana jasho puani. Paji la uso limekunjamana kama la mzee. Goti kalikunja, halinyooshi. Mama akijisogeza kidogo tu kwenye benchi, mtoto anaikamata kanga na kubana pumzi. Watoto wengine pale chini wanagombania chupa tupu, yeye hata macho hayawafuati. Mtoto wa miaka saba asiyetaka kujua wenzake wanachezea nini, huyo ana jambo.

"Huyu haendi popote," akasema Sista. Halafu akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama na trei la sindano za mgonjwa mwingine. "Na wewe, ondoa hilo trei mbele ya macho yake! Tunamuuliza mtoto au tunamtisha?"

Nilikimbia nalo, nikarudi mikono mitupu. Nikamkuta Sista kakaa sakafuni, na unene wake ule wote, miguu kainyoosha. Kamwomba yule mjomba korosho zilizokuwa mfukoni mwake, kapanga nne mbele ya mtoto.

"Fakihi, baba, hizi leo siyo korosho, ni maumivu. Moja ni kaumivu kadogo. Zote nne ni maumivu makubwa kuliko yote uliyowahi kupata. Sasa chukua yale yaliyomo mguuni mwako."

Mtoto akamtazama mama yake. Akanitazama mimi, akaona mikono yangu haina kitu. Akazikusanya zote nne, akazibana kifuani. Halafu akauliza kwa kasauti kadogo, "Zingine hamna?"

Yule mama akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mbona ulimwambia daktari huumwi?" Sista akamuuliza, polepole tu.

"Mama alisema nikisema naumwa nitachomwa sindano."

Aka! Sista aliwaka, jamani. "Mmesikia? Mmemfunga mtoto mdomo wenyewe, halafu mnakuja kutuambia haumwi! Na wewe mjomba unayesifia ukimya, ukimya wa nini? Angekufa kimya ungemsifu vilevile?" Daktari mwenyewe alirudi, akampima upya kwa utulivu, na safari hii mtoto akakubali kuonyesha pale panapouma. Mfupa wa paja, karibu na goti, ulikuwa umeingia usaha. Alitakiwa kupasuliwa siku ileile.

Kabla hajahamishwa kwenda popote, Sista aliagiza apewe kwanza dawa kali ya maumivu, maana kumbeba vile tu kulikuwa mateso. Na hiyo dawa ni ya sindano, utafanyaje? Hakumficha. "Baba, sasa nakwambia kweli. Sindano ipo, na itauma, kama siafu akikung'ata, halafu itaacha. Baada ya muda mguu utapoa. Kulia ruhusa. Kutikisa mkono ndiyo tusifanye."

Fakihi alilia. Alilia kilio cha siku zote zile alizonyamaza, wodi nzima ikageuka. Mkono hakuutikisa hata kidogo. Mjomba akaanza, "Aa, mwanaume hatakiwi..." Sista akamkata, "Ukimnyamazisha, wewe ndiye nakutoa nje." Mjomba akatoka mwenyewe. Nilipopita na beseni nilimkuta ukutani anajifuta macho kwa kofia yake.

Fakihi alipona, alhamdulillahi. Lakini ule mguu ulibaki mfupi. Namwona mpaka leo hapa mjini, baba wa watoto, anatembea akiinama upande mmoja. Daktari aliwaambia wazi kabisa: wangemleta siku alipoanza kuchechemea, angetembea sawasawa na wenzake. Siku zile zote anasema siumwi, siumwi, na watu wazima wanafurahi, mfupa unaharibika ndani. Ndiyo maana juzi nilichemka, mwanangu. Wewe umecheka, umemalizana na kelele. Mwanao kajifunza kwamba akiumwa asiseme.

Basi sikia, na usiniambie "ndiyo bibi, ndiyo bibi" halafu kesho nikusikie tena pale kwenye vitumbua. Mtoto usimtishe kwa sindano wala kwa nesi wala kwa daktari. Usimdanganye kwamba haitauma. Mwambie itauma kidogo, umshike, umruhusu alie. Akisema anaumwa, amini kwanza, kupima kutafuata. Dawa ya maumivu mpe kwa kipimo alichoandikiwa kulingana na uzito wake, siyo kwa kijiko chochote unachokiokota jikoni, na umpe kwa saa zake, usingoje mpaka apige kelele. Vidonge vyako vya mgongo usimvunjie, tafadhali sana! Na huyo mchanga uliyembeba hasemi, kwa hiyo wewe ndiye wa kusoma uso wake, miguu anayoikunja tumboni, kilio kisichobembelezeka, kukataa ziwa. Siku ya chanjo mwache anyonye huku anachomwa, utaona tofauti. Akiwa mgonjwa halafu akanyamaza ghafla, kalegea, hapo usishukuru kwamba katulia. Kimbia naye hospitali.

Nimekugombeza kwa sababu nakupenda, na chai yako imepoa, ngoja nikuongezee. Mungu akukuzie watoto wako. Awape ulimi wa kukwambia, "Mama, naumwa," bila kukuogopa, na wewe akujalie kuwaamini mara ya kwanza, miguu yao ingali mizima yote miwili. Amina.