Posa Iliyoelekezwa Kerege

Mdogo wangu alitaka gari dogo. Alinisisitizia mara mbili kwa simu na mara ya tatu kwa ujumbe: dada, kodi gari dogo, la kawaida, hata likiwa limechakaa sawa tu. Sababu alinieleza vizuri. Binti aliyetaka kumuoa alilelewa Mlingotini na babu yake, na babu huyo alishawahi kurudisha posa ya mtu mwingine kwa kuwa washenga walifika na msafara wa magari matatu na spika. Sasa kulikuwa na posa nyingine inasubiri jibu, ya familia ya wafanyabiashara wa Bagamoyo mjini. Babu alisema atatusikiliza sisi kwanza, Jumamosi saa nne asubuhi. Tusipofika, wa mjini wangejibiwa siku hiyohiyo, na jibu lingekuwa ndiyo.

Mdogo wangu ni fundi wa majokofu. Binti ni muuguzi wa zahanati. Walikutana jokofu la chanjo lilipoharibika. Alilitengeneza siku moja likapona kabisa, halafu akarudi kulikagua mara nne.

Basi nikaagiza gari dogo. Lakini Jumamosi alfajiri, mama wa ofisi ya kukodisha aliniambia gari dogo liko gereji, na kwa kuniomba radhi ananipa kubwa kwa bei ileile. Lilikuwa jeupe, refu, lina kidaraja cha kupandia na antena ndefu mbele inayocheza kama fimbo ya kuvulia samaki. Ni gari la aina ile ambayo ikiingia kijijini, kabla watu hawajajua imemfuata nani, wanajua kuna mtu atasainishwa karatasi.

Yule mama alilizunguka na simu yake akirekodi kila mchubuko. Alilala chali kuangalia chini yake. Alifungua mdomo wa tangi akachungulia. Shangazi yangu, aliyekuwa amesimama pembeni na mkoba wake kwapani, alimtazama mpaka mwisho.

"Hata mwari hakaguliwi hivi," alisema.

Tulikuwa watatu. Mimi dereva. Shangazi, kwa sababu lazima awepo mtu mzima wa kike wa kuingia ndani kwa wanawake wenzake. Na baba mdogo, mshenga wetu, ambaye ndiye pekee mwenye ruhusa ya kusema neno lenyewe. Baba mdogo amestaafu kutoka ofisi ya wilaya, ila ofisi haijastaafu kutoka kwake. Alivaa koti. Barua ya posa, ambayo kwa kawaida hufungwa kwenye leso, yeye aliitia kwenye bahasha ya kaki ili isikunjike, akaishika mapajani kama faili. Kisha akatuamuru tuzime milio ya simu. Yangu nikaitupa kwenye mkoba, mkoba nikautupa kiti cha nyuma.

Njia ilikuwa nyeupe kwetu. Karibu na Bunju askari wa usalama barabarani alinyoosha mkono kutusimamisha, akaliona gari vizuri, na mkono uleule akaugeuza saluti. Baba mdogo akairudisha bila kusita.

"Unamjua?" shangazi aliuliza kutoka nyuma.

"Hapana."

"Ila umefurahi."

"Dada, huyo ni mtu wa serikali. Anajibiwa."

Tulipita Mapinga, tukapita Kerege, tukapita Zinga ambako akina mama walikuwa wanapanga mananasi kwenye vichanja. Kiyoyozi kilipuliza baridi ya kweli. Baba mdogo alikielekeza usoni kwake akafumba macho, na nadhani ni hapo shida yetu ilipoanza, kwa sababu tangu dakika ile alikataa kabisa kioo chochote kifunguliwe.

Tuliacha lami tukashika njia ya mchanga. Mlingotini tuliingia saa tatu kasoro, saa nzima na zaidi kabla ya ahadi. Hilo nalo ni la baba mdogo. Anaamini kufika mapema hakujawahi kumkosesha mtu kitu.

Nyumba ya kwanza kubwa tuliyoikuta ilikuwa ya bati, ina kibaraza, na mbele yake mzee mmoja alikuwa anafua nazi, yaani anazipasua makumbi kwenye kifuo. Alivaa msuli na singlendi nyeupe yenye tundu begani. Nikasimamisha gari. Baba mdogo akashusha kioo, nusu tu, ili ubaridi usitoke.

"Habari za hapa," alisema, akiwa amekaa. "Tunamtafuta," na akataja majina matatu kamili ya babu wa binti, yaani jina lake, la baba yake na la babu yake, huku akigonga bahasha kwa kidole.

Yule mzee aliacha nazi. Alilitazama gari kuanzia antena mpaka tairi la akiba. Akanitazama mimi kwenye usukani. Akaitazama bahasha.

"Huyo?" alisema. "Huyo alishahama. Mwaka wa pili huu. Yuko Kerege, kwa binti yake."

"Kerege sehemu gani?"

"Ulizeni palepale mnarani. Anafahamika."

Mama mmoja alikuwa anapita na ndoo kichwani. Mzee akamgeukia. "Si yuko Kerege yule?"

Mama hakuuliza yule nani. "Kerege," alisema, na ndoo haikutikisika. "Tena mgonjwa."

Tukageuza. Shangazi alinung'unika kwamba binti angetuambia kama babu amehama, na baba mdogo akasema ndiyo maana lazima kuwe na kumbukumbu za maandishi. Mimi nilikuwa naangalia saa tu.

Kerege tulikaa dakika arobaini. Mnara wa simu tuliuona. Chini ya mnara palikuwa na muuza chipsi, fundi pikipiki na duka la vifaa vya ujenzi, na wote watatu hawajawahi kumsikia mtu huyo. Muuza chipsi alijitolea kutupa mzee mwingine mwenye jina moja kati ya yale matatu. Baba mdogo alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Saa nne ilibaki robo, ikabaki dakika tano. Nikafungua mkoba kutafuta simu nimpigie mdogo wangu nimwambie mambo yameharibika, nikakuta yeye amenipigia mara kumi na moja.

Alipokea kabla haijaita.

"Dada, mko wapi?"

"Kerege."

"Kerege mnafanya nini?"

"Tumeelekezwa na mzee mmoja, anafua nazi."

Akasema polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba: "Dada. Yule anayefua nazi ndiye babu."

Akanieleza. Binti alikuwa uani, na ndiye aliyempigia simu. Alisikia gari, akachungulia wakati nageuza, akanitambua kwa picha alizowahi kuonyeshwa. Lakini siku ya posa yake hawezi kutoka mbio nje kukimbilia washenga, wala hawezi kumwambia babu yake kwa mdomo wake kwamba hao ndio wakwe. Akamwambia bibi. Bibi akamwambia babu. Babu kwa muda wote alidhani tumekuja kupima shamba lake la minazi la upande wa pwani. Wapimaji wamekuja watatu mwaka huu, wote na gari jeupe na bahasha, na kijiji kizima kimekubaliana jinsi ya kuwajibu. Washenga alikuwa anawangoja, ndiyo, lakini aliambiwa ni watu wa kawaida watakaokuja na gari dogo.

"Sasa ametuma mtu atufuate?" niliuliza.

"Bibi alitaka. Babu kakataa. Kasema anataka aone mtarudi na sura gani."

Nilipowasimulia wenzangu, baba mdogo alikunja bahasha kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Turudi Dar," alisema.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mimi na shangazi tungeweza kurudi Mlingotini hata kwa kutambaa, lakini neno la posa si letu kulisema, na mwenye kulisema alikuwa anafunga mkanda.

"Mtu mzima na mvi zake anatazama gari langu na kunidanganya," alisema.

"Si lako," shangazi alisema.

"Dada."

"Si lako, la yule mama aliyelichungulia mpaka tumboni. Na wewe sikiliza. Umemkuta mwanamume mwenzio, mkubwa kwako, nyumbani kwake. Hukushuka. Hukumwamkia. Umemshushia kioo nusu kama unamuuliza bei ya embe. Ungekuwa wewe, ungemwelekeza wapi?"

Baba mdogo aliinyoosha bahasha mapajani.

"Tanga," alisema hatimaye.

"Basi mshukuru kakuhurumia. Vua koti."

Akavua. Shangazi akatoa leso nyeupe mkobani, akachukua barua, akaifunga vizuri ncha kwa ncha, na bahasha ya kaki akaisukuma chini ya kiti. Nikaendesha. Kabla ya kuingia kijijini, gari tuliliacha kwenye kivuli cha mikorosho, tukatembea. Mchanga ulikuwa wa moto na viatu vya baba mdogo vilikuwa vya ofisini. Yule mama wa ndoo tulikutana naye njiani. Alitusalimia kwa heshima zote kama mtu anayetuona kwa mara ya kwanza, na alipotupita nilisikia anakohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.

Saa tano kasoro robo tulibisha hodi. Babu alikuwa kibarazani kwa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kushona kwa mkono, na wazee wenzake wawili wamekaa mkekani. Hapakuwa na nazi hata moja. Baba mdogo akatangulia, akainama, "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, karibu sana." Mimi na shangazi tukapitishwa chumbani, na nyuma ya pazia nikamkuta binti amejifunika kanga, macho tu yanaonekana, na macho yenyewe yalikuwa yanalia kwa kicheko alichokizuia tangu saa tatu. Bibi yake alimfinya paja. Pazia lilikuwa jepesi, hatukukosa neno.

"Poleni na njia," sauti ya babu ilisema. "Hamkupata taabu kupafahamu hapa?"

Binti alinishika mkono, na nikahisi kucha zake.

"Taabu ndogo tu, mzee wangu," baba mdogo alisema. "Tulimkuta bwana mmoja hapo nje. Kavaa singlendi. Akatupeleka Kerege."

"Singlendi ya namna gani?"

"Nyeupe. Ina tundu begani."

"Aa, huyo." Babu alivuta pumzi. "Huyo namjua toka utotoni. Muongo. Msimchukulie maanani."

"Hatumlaumu," baba mdogo alisema. "Na sisi tulikuwa na mtu wetu garini, hakushuka kumsalimia. Hana adabu. Tumemwacha hukohuko barabarani."

"Mmefanya vema. Naona hao wawili tusiwaite kwenye jambo la leo."

"Hata mimi naona hivyo."

Mmoja wa wale wazee alicheka kwanza, kwa pua, kisha wa pili, kisha kibaraza chote. Baba mdogo sijawahi kumsikia akicheka vile. Kicheko chake kilitoka kama kitu kilichokuwa kimefungiwa kabatini. Akasema neno lake, kwa ufupi na kwa adabu, na leso ikapokelewa.

Kilichobaki ni binti mwenyewe kuulizwa. Bibi akamwinamia sikioni, akamuuliza kama amesikia na kama anaridhia. Binti akafungua mdomo, na badala ya jibu kikatoka kicheko, hakikati. Bibi akangoja, akajaribu tena, hali ikawa ileile. Akatoka.

"Anacheka," alitangaza.

Kule nje wakaanza kujadiliana. Mzee mmoja alisema mwari akinyamaza, hiyo ni ridhaa, hilo halina ubishi. Akilia, wapo wanaosema ni ridhaa na wapo wanaotaka aulizwe tena. Lakini kicheko yeye hajakisikia kikizungumzwa. Mwenzake akasema inategemea ni kicheko cha furaha au cha dhihaka. Baba mdogo, ambaye hakuhusika, alishauri swali liulizwe upya kwa utaratibu. Nilimtazama shangazi. Hakuwa anacheka. Kijasho kilikuwa kinamshuka kwenye shavu.

"Kamuulize anamcheka nani," babu alisema. "Kama anamcheka huyo kijana, barua hii inarudi na wenyewe."

Bibi akaingia tena. Safari hii binti alijifuta machoni kwa pembe ya kanga, akakaa sawa, na alijibu kwa sauti ya kutosha kupita pazia.

"Mwambie babu namcheka yeye na singlendi yake. Huyo kijana nimemridhia."

Kisha babu akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga kikao, kwamba wa mjini watapelekewa habari leo kabla ya Alasiri, kwa heshima, na aitwe mtu awakaribishe wageni chakula.

Tulipokuwa tunanawa mikono, simu ikatetemeka. Ilikuwa mara ya kumi na mbili. Nilitaka kupokea, shangazi akaninyang'anya. Mdogo wangu akamwamkia haraka, na shangazi akamuitikia polepole.

"Hujambo, mwanangu?"

Nilimsikia akisema hajambo.

"Umeamkaje? Na mguu uliokuwa unakuuma? Na mvua huko, ilinyesha? Umekula?"

Mdogo wangu aliuliza jambo fulani kwa kasi.

"Nimekuuliza umekula," shangazi alisema. "Umekula nini? Chai kavu? Chai kavu haifai. Anza leo kula vizuri. Sitaki watu wa Mlingotini waje harusini waone tumewaletea bwana harusi aliyekonda."

Upande wa pili simu ikakatika. Shangazi akanirudishia simu, akatia mkono kwenye sinia la wali.

"Mpe dakika," alisema. "Atapiga tena."