Alivyoisafisha sauti ya mama yake

Saa saba mchana, na feni imezimwa. Si kwamba umeme umekatika. Feni ikizunguka, mlio wake unaingia kwenye maikrofoni, kwa hiyo kila anayerekodi humu studioni hutoa jasho kabla ya kutoa wimbo. Kuta zimefunikwa kwa magodoro ya zamani, dirisha limezibwa kwa blanketi, na katikati amesimama mwimbaji wa harusi, shati limemganda mgongoni, akirudia mstari uleule.

"Tena, kaka," anasema fundi mitambo kutoka kitini kwake. "Hapo kwenye 'mpenzi' umeimba kama mtu anayedai kodi ya nyumba."

Kisha anaupiga ukuta ngumi mbili. Chumba cha pili, mchomeleaji mageti anazima mashine yake. Ndio mkataba wao: ngumi mbili, nyamaza; ngumi moja, endelea.

Fundi huyu mtaa mzima unamwita Sikio. Jina hilo alipewa na wanamuziki, kwa sababu husikia hata mtu akimeza mate katikati ya wimbo. Kazi yake ni kurekodi na kusafisha. Anaondoa kikohozi, anaondoa pikipiki iliyopita nje, anaondoa hata pumzi. Ukimuuliza kama bado anaupenda muziki, anacheka kicheko cha mtu aliyechoka.

"Nikifika nyumbani sitaki hata redio," anasema. "Mwanangu akipiga mluzi namwambia, baba, nihurumie. Nimetengeneza nyimbo za watu miaka kumi na saba, ndugu yangu. Wa kwangu mwenyewe, sina hata mmoja."

Upo mmoja aliotaka kuutengeneza. Hapo sauti yake inashuka.

Mama yake alikuwa na wimbo wa kuoshea vyombo. Haukuwa na maneno. Aliuimba midomo imefumba, mikono imo kwenye povu. Akiulizwa ameutoa wapi, alijibu, "Umo tu." Sikio alimrekodi siku moja kwa simu, amejibanza mlangoni mwa jiko, mama hana habari. Akajiambia kwamba siku moja ataupigia ala, uwe wimbo kamili. Siku moja ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Wateja kwanza.

Kisha mama akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea. Anasikia vizuri na anaelewa kila kitu, lakini maneno yanamtoka kwa taabu, na sauti ya kuimba haipo tena. Hapo ndipo Sikio alipozinduka. Akataka wimbo ule uishe mama angali hai, ausikie.

"Sitaki kuupiga msibani," anasema bila kuzunguka.

Basi akaifungua ile rekodi, baada ya kushinda kutwa nzima na kwaya. Anasimulia huku akiitazama mikono yake.

"Mikono ilikuwa inajifanyia kazi yenyewe. Nikasikia bomba linatiririka, nikalitoa. Kijiko kinagonga sufuria, nikakitoa. Kiti kinaburuzwa, toa. Pumzi, toa. Najisifu kabisa, eti leo mama anapata huduma ya daraja la kwanza! Nikaihifadhi juu ya ileile ya zamani. Na simu yenyewe ilishakufa."

Wa kwanza kusikilizishwa alikuwa dada yake mkubwa, anayeishi na mama na kumuuguza. Dada alivaa hedifoni, akasikiliza kidogo, akazivua.

"Huyu nani?"

"Si mama huyo, dada?"

"Mama gani? Umemsugua mpaka umemmaliza."

Sikio alitaka kubisha. Akazivaa hedifoni, akasikiliza upya. Sauti ilikuwa safi, lakini ya mtu asiyepumua, asiye na nyumba. Wimbo ule ulikuwa unatembea kwa kile kijiko, na yeye ndiye aliyekiondoa.

"Nililia, sikufichi," anasema.

Alijaribu kurekebisha. Akafungulia bomba la kwake, akagonga sufuria mwenyewe mpaka mkewe akamuuliza kama ana akili timamu. Haikukubali. "Nilikuwa nagonga kama fundi. Mama aligonga kama mtu anayetaka kumaliza akalale." Akauacha. Miezi ikapita, na mama akazidi kudhoofika.

Jumapili iliyopita dada alimjia juu. "Mpelekee hivyohivyo ulivyouharibu. Wimbo ni wake, si wako."

Spika ikawekwa juu ya meza ya jikoni kwa mama. Mama alikuwa kitini kwake, karibu na karo la kuoshea vyombo. Alisikiliza, uso umekunjamana. Sikio, kwa aibu, akanyoosha mkono ili azime. Mama akamtangulia kunyoosha wake, ule wa kushoto. Akaokota kijiko, akagonga sufuria tupu.

Aligonga, akatulia, akagonga tena.

"Anachelewa," Sikio anasema, akijifuta jasho, au si jasho. "Wimbo unatangulia, yeye anafuata nyuma. Na mimi ndiye ninayelipwa kuwanyoosha wanaochelewa. Lakini pale nilimsikia, ni mama yangu yule! Na mimi fundi mzima sina hata maikrofoni mfukoni."

Wimbo ulipoisha, mama alihangaika na mdomo wake mpaka neno moja likatoka.

"Tena."

Wakaurudia mpaka mkono wake ukachoka.

Jumapili hii Sikio hapokei mteja. Atabeba maikrofoni hadi jikoni, afungulie bomba, na dada ameambiwa aburuze viti kama ilivyo kawaida yake. Wimbo ataupunguza mwendo, umngoje mama.

"Sifuti kitu," anasema, na kuupiga ukuta ngumi moja. Mashine ya jirani inaanza kunguruma. "Nikikosea, yeye ndiye wa kusema, 'Tena.' Mimi nitarudia."