Bolti Isiyo na Mguu

Aliisikia kabla hajaiona. Pikapu ya baba mkwe wake ilikuwa na mlio wake, na yeye, ambaye mtaani walimwita Sikio kwa kuwa alijua ugonjwa wa gari kwa kulisikiliza tu, angeutambua katikati ya msururu wa magari mia. Siku ile mlio ulikuwa na nyongeza: tiki-tiki-tiki, kama mtu anayegonga kucha juu ya sufuria tupu. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasogea kwenye geti la gereji yake kuipokea. Pikapu ikaja, ikapunguza mwendo, ikampita. Ikakata kona upande wa pili wa barabara na kuingia kwenye gereji ya mwanyumba wake.

Sikio akabaki getini na kitambaa chake kama mtu aliyenyoosha mkono kusalimia, asipokewe.

Wale wawili walikuwa wameoa ndugu wa tumbo moja, yeye dada mtu, mwenzake mdogo mtu. Baba yao alikuwa seremala, na pikapu ile kuukuu ndiyo iliyobeba mbao zake na kuilisha familia nzima. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna mkono mwingine uliofungua boneti yake ila wa Sikio. Hakuwa na cheti cha kutundika ukutani, wala hakuwa na ulimi wa kupendeza wakwe. Pikapu ndiyo iliyokuwa heshima yake katika nyumba ile. Mzee akisema, "Gari lina fundi wake," Sikio hutazama chini, lakini moyoni anavimba kama andazi.

Mwanyumba alifungua gereji yake mwaka uliotangulia, ng'ambo kabisa, uso kwa uso. Alikuwa na kifaa chenye kioo ambacho hukichomeka kwenye gari kikamwandikia kasoro, ndipo watu wakamwita Kompyuta. Tena alikuwa na domo. Mteja hajashuka garini, ameshaulizwa hali ya magoti yake. Sikio, kwa upande wake, akiulizwa gari lina nini hujibu, "Acha nilisikilize," kisha ananyamaza mpaka mteja anajiona yuko msibani. Basi wateja wakawa wanavuka barabara mmoja mmoja. Sikio alijua hesabu ya magari yaliyoingia kule kuliko ya yale yaliyoingia kwake. Alijua kule kuna benchi lenye mto. Alijua hata rangi ya mto.

Lakini wateja ni wapita njia. Baba mkwe je?

Mchana alipokwenda nyumbani kula, mkewe alimsubiri amalize tonge la tatu ndipo akasema, "Baba amepeleka gari kwa shemeji."

"Nimeona."

"Usinune. Ni mama. Kila akipanda lile gari anashuka kichwa kinamgonga na tumbo linamchafuka. Mara ya mwisho alitapika. Baba akasema hebu tujaribu mkono mwingine."

Sikio akarudisha tonge sahanini. Mtu mwingine angedhani ni wivu, na wivu ulikuwepo, tena tele. Ila kilichomwondolea njaa kilikuwa kingine. Alijua kwa nini mama mkwe anaumwa kichwa. Moshi wa injini ulikuwa unavuja mbele ya kiti chake na kupenya kwenye matundu ya hewa. Alijua pia unavuja wapi. Tundu la nne la kutolea moshi, la mwisho, karibu na ukuta unaotenga injini na viti.

Mambo yalikuwa hivi. Karibu miaka miwili nyuma alibadilisha gasketi, kizibo chembamba kinachokaa chini ya manifodi, kile chuma chenye vidole vinne kinachopokea moshi kutoka kwenye injini na kuupeleka kwenye bomba. Chuma kile hushikiliwa na vijiti vya chuma vyenye nati, mafundi huviita stadi, na stadi za gari la zamani zimeiva kwa kutu na moto. Ya nne ilikatikia ndani. Mzee alikuwa amesimama nje akitazama saa, ana mbao za kupeleka kabla ya adhuhuri. Fundi mwenye ulimi angesema, "Baba, imekatika, nipe siku moja." Sikio aliona aibu. Alikata kichwa cha bolti nyingine kwa msumeno, akakibandika kwa gundi ya chuma juu ya tundu, akafunika na bati la kukinga joto. Kwa macho, kila kitu kilikuwa mahali pake. Wiki ijayo nitaitoa, alijiambia. Wiki iliyofuata gari halikulia. Na gari lisilolia, nani huliita?

Sasa bolti ile isiyo na mguu ilikuwa kwenye gereji ya Kompyuta, siri yake ikiwa mikononi mwa mtu ambaye hakutaka hata amwone akipiga chafya.

Alirudi kazini akajifanya anapanga spana, huku jicho likiwa ng'ambo. Alimwona Kompyuta akizunguka pikapu na kifaa chake, akiinama huku, akipapasa kule, akitafuta pa kuchomeka. Hapakuwapo. Pikapu ile ilitengenezwa kabla vifaa vile havijafikiriwa. Sikio alitabasamu peke yake. Kisha upepo ukamletea sauti ya Kompyuta akimwambia mzee: "Hizi ni valvu, baba. Kesho asubuhi tunafungua injini juu."

Furaha ikamjia hadi akajionea haya. Si valvu! Mlio wa valvu haupungui gari likipata moto. Wa manifodi hupungua, kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kuziba ufa wake chenyewe. Mwache afungue, asikute kitu, tuone huo ulimi utasema nini. Alikwenda na furaha hiyo kama hatua kumi, ndipo akakumbuka kwamba huwezi kuinua kichwa cha injini ile bila kwanza kutoa manifodi.

Hakusikia ladha ya chakula cha jioni.

Asubuhi yake, Jumamosi, hakungoja mwito. Alivuka barabara kabla jua halijakolea, akamkuta Kompyuta anakunja mikono ya shati.

"Karibu, kaka! Nilikuwa nataka kukuita, nikaogopa. Ulivyonitazama jana, nilidhani nimekula kuku wako."

"Usifungue injini," Sikio alisema. "Iwashe kwanza, ikiwa baridi hivi hivi."

Kompyuta hakubisha. Akawasha. Tiki-tiki-tiki, kali, ya haraka. Sikio akasokomeza kitambaa kwenye mdomo wa bomba la nyuma ili moshi utafute njia nyingine, akamwaga maji ya sabuni kwenye maungio ya manifodi na injini, kidole kwa kidole. Kwenye tundu la kwanza kimya. La pili kimya. La tatu kimya. La nne mapovu yakafoka kama uji unaochemka.

"Lahaula!" Kompyuta aliruka. "Mimi na valvu zangu! Kaka, ningemfungulia mzee injini bure." Akacheka, akijicheka mwenyewe, na hilo nalo lilimchoma Sikio. Mtu gani huyu anayeweza kukosea na bado akapendeza?

Wakazima, wakangoja kidogo, wakatoa bati la kukinga joto. Kompyuta akatia spana kwenye bolti ya nne. Haikuhitaji spana. Ilitoka kwa vidole kama jino la mtoto. Akaigeuza. Kichwa kitupu, mguu hauna, gundi kavu imeganda chini yake.

Akaitazama bolti. Kisha akamtazama Sikio. Sikio akatazama tairi.

Mlangoni kikohozi kikasikika. Mzee seremala ameingia, penseli sikioni, amekuja kuuliza hali ya gari lake. Kompyuta akafumba kiganja na kukitia mfukoni, taratibu, kama mtu anayetafuta leso.

"Naona leo nina mafundi wawili," mzee alisema. "Kulikoni?"

"Baba, valvu zako nzima! Ni manifodi inavuja, ndiyo iliyokuwa inamlevya mama. Amegundua kaka hapa, mimi nilikuwa nimepotea njia. Stadi moja imekatika. Chuma kimezeeka, baba, hata sisi tutakatika."

Mzee akacheka, akavuta benchi, akakaa kutazama. Na Sikio akaanza kazi, kwa sababu kutoa stadi iliyokatikia ndani hakuna kifaa chenye kioo kinachokuonyesha, na Kompyuta hakuwahi kuifanya. Alitoa manifodi, akasugua kisiki cha stadi kwa brashi ya waya, akakinywesha mafuta ya kulainisha kutu. Akaweka nati juu yake, akavaa miwani, akachomelea nati kupitia tundu lake mpaka ikashikana na kisiki. Akaacha ipoe yenyewe. Kisha spana: robo mbele, robo nyuma, mafuta, robo mbele, robo nyuma. Chuma kikalia. Kikatii. Kisiki kikatoka kizima.

"Mashallah," Kompyuta alisema, na ilisikika kwamba anamaanisha. "Baba, umeona mkono huo?"

Hapo ndipo wivu ulipomfikia Sikio kwenye mfupa. Ameninyang'anya wateja, alijisemea. Ameninyang'anya kiti cha karibu na mzee. Sasa ameficha aibu yangu mfukoni mwake, na ananisifia juu yake. Nitaishi vipi na mtu huyu? Kila sikukuu atanipa mkono, na mimi nitajua mkono ule umebeba nini. Kunizidi maneno, sawa. Kunizidi na wema pia?

Walisafisha nyuso za chuma, wakatia stadi mpya na gasketi mpya, wakakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni ili chuma kisipinde. Wakawasha. Mlio ukawa mmoja tu, wa injini. Sabuni haikutoa hata povu moja.

"Kazi safi," mzee alisema akiinuka. "Chuma kikizeeka hakina mwenyewe."

"Si uzee, baba," Sikio alisema. Aliweka spana chini. "Ni mimi. Niliivunja ile siku ya mbao. Nikabandika kichwa cha bolti ili usione. Mwambie akuonyeshe. Iko mfuko wa kulia."

Kompyuta akatia mkono mfukoni. Akatoa bolti, akaiweka kwenye kiganja cha mzee.

Mzee aliigeuzageuza kama anavyokagua ubao wenye fundo. "Mama yenu ametapika," alisema.

"Najua, baba."

"Mkono wako hauna kasoro, mwanangu. Nimekaa hapa nimeuona. Kasoro ni kinywa. Huyu mwenzako maneno mengi, lakini akipotea husema nimepotea. Gari litakaa kwake." Akachomoa funguo garini, akamkabidhi Kompyuta. "Kazi ya moshi ikitokea, atakuita wewe."

Kompyuta alimfuata Sikio hadi barabarani. "Kaka, mimi nilikuwa nimeshaficha! Si ungenyamaza tu?"

"Nilinyamaza miaka miwili," Sikio alijibu, akavuka.

Nyumbani mkewe alikuwa ameshapata habari zote. Dada mtu na mdogo mtu hawana siri. Alimwekea maji ya kunawa, akamtazama kwa upande.

"Shemeji alikusitiri. Ulijitia kitanzi kwa nini?"

"Sikutaka anisitiri yeye."

"Yaani unamwonea wivu hata kwa wema?"

Sikio alisugua grisi iliyoganda kwenye kucha, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mkewe alianza kucheka, akajaribu kuacha, akashindwa.

"Haya basi. Na mama? Yeye ndiye aliyevuta huo moshi."

"Nitakwenda kumwomba radhi."

"Lini?"

"Sasa hivi. Nipe shati safi." Alifika mlangoni, akageuka. "Na tafadhali usimwambie mdogo wako kwamba nimeondoka. Atamwambia mumewe, na yule atafika kuniombea msamaha kabla yangu."